Pointi Nne kwa Ndege Moja

Beji ilikuwa imelala kwenye sahani ya bati, katikati ya vijiko vya zamani na saa za mkononi zisizofanya kazi, kwenye gulio la mwisho wa mwezi hapa Leipzig. Ilikuwa ya kijivu na ndogo, ya kuenea kwenye kiganja. Shada la majani limezunguka mzinga, mtutu wake umeelekezwa juu. Juu ya shada kuna tai anayeruka, na miguuni mwa tai imebandikwa stika nyekundu ya duara, kama zile zinazobandikwa kwenye matufaha dukani.

Nilimuuliza mzee aliyekuwa akiuza kwa nini ameweka stika pale.

“Ni sheria,” alisema. “Alama iliyo chini yake hairuhusiwi kuonyeshwa hadharani. Ukiinunua utaibandua mwenyewe nyumbani.”

Nikamuuliza beji ilikuwa ya nani.

“Watu wa mizinga ya kutungulia ndege. Hawa hawakumvamia mtu. Walikaa kwao, mabomu yakaja, wakapiga juu.” Kisha akaongeza, kama mtu anayemtoa mteja wasiwasi: “Na walikuwa wengi. Huwezi kusema nani alimuua nani.”

Sikuinunua. Aliitaka euro 180, ambazo ni karibu chakula changu cha mwezi mzima. Lakini sentensi yake ya mwisho nilirudi nayo chumbani. Naijua sentensi hiyo. Niliwahi kuitumia mwenyewe, kwa Kiswahili, nikiwa na miaka 16.

Kwa wiki kadhaa baada ya hapo niliacha kusoma nilichotakiwa kusomea tasnifu yangu, nikasoma habari za beji. Nilichokuta kimenisaidia kufikiri jambo ambalo kwa miaka kumi nilikuwa nalizunguka tu.

Ujerumani ya Hitler ilikuwa na beji mbili za kazi hii. Ya kwanza ilianzishwa na Hermann Göring tarehe 10 Januari 1941 kwa ajili ya Jeshi la Anga, ambalo ndilo lililomiliki sehemu kubwa ya mizinga ya kutungulia ndege. Ya pili ilianzishwa tarehe 18 Julai mwaka huohuo na Walther von Brauchitsch, mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, kwa ajili ya vikosi vyake vya mizinga ya aina hiyo. Zote mbili zilivaliwa kifuani upande wa kushoto, na zote mbili zilikuwa na picha ya mzinga wa milimita 88, silaha iliyokuwa fahari ya jeshi lile.

Kilichonishika zaidi ni hesabu. Askari wa Jeshi la Nchi Kavu alihitaji pointi 16 ili apate beji. Kikosi kikiangusha ndege bila msaada wa kikosi kingine, ni pointi nne. Kikiiangusha kwa kusaidiana na wengine, ni pointi mbili. Watu wa taa kubwa za kumulika anga, na wale wa mitambo ya kusikiliza mngurumo wa ndege kutoka mbali, walipata pointi moja kwa kuwa wa kwanza kuigundua ndege ya adui. Tendo la pekee la ushujaa liliweza kumpa mtu beji bila kusubiri pointi zitimie.

Mtu aliyekaa ofisini akaandika kanuni hizi alikuwa na tatizo la kweli la kifalsafa, hata kama hakulijua kwa jina hilo. Rubani wa ndege ya kivita akiangusha ndege nyingine, ni yeye na kidole chake. Mzinga wa 88 haufanyi kazi hivyo. Kuna anayepima umbali na kimo cha ndege. Kuna mtambo unaokokotoa ndege itakuwa wapi kombora litakapofika. Kuna anayezungusha mzinga upande, na mwingine anayeuinua na kuushusha. Kuna anayeweka saa ya fataki, kwa sababu kombora halingoji kugusa ndege: linapasuka lenyewe baada ya sekunde zilizopangwa, na vipande vyake vinatawanyika angani. Kuna anayepakia, na kuna wanaobeba makombora kuyaleta. Kisha mizinga minne, sita au zaidi inafyatua kwa pamoja, na kilomita chache kutoka pale kuna kikosi kingine kinachopiga ndege zilezile.

Ndege inawaka. Nani kaiangusha?

Hesabu inayotajwa mara nyingi na wanahistoria ni kwamba kufikia 1944, mizinga ya 88 ya aina ya kawaida ilitumia wastani wa makombora 16,000 hivi kwa kila ndege iliyoanguka. Kati ya hayo, karibu yote hayakumgusa mtu. Lakini beji ilibidi itolewe, kwa sababu wanajeshi wanaokesha usiku baada ya usiku wanahitaji kuonyeshwa kwamba wanaonekana. Basi kanuni ikatafuta njia: haiulizi kombora lako lilifika wapi, inauliza kama ulikuwepo kwenye mzinga. Na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Pointi nne hazikukatwakatwa kwa idadi ya watu waliohudumia mzinga. Kila mmoja alihesabiwa nne zake. Watu kumi wakiangusha ndege moja, hakuna aliyepewa sehemu ya kumi ya sifa. Wote kumi walipewa sifa nzima. Tena walichora pete nyeupe kuzunguka mtutu, pete moja kwa ndege moja, na kila aliyepita aliweza kuzihesabu.

Upande wa pili wa pete hiyo kuna watu. Ndege ya Uingereza aina ya Lancaster kwa kawaida ilibeba watu saba. Wanaanga 55,573 wa kamandi ya mabomu ya Uingereza walikufa katika vita ile, kwa mizinga, kwa ndege za adui, kwa ajali. Wengi wao walikuwa na umri wangu au chini ya hapo. Chukua mfano tu: ndege nne aina ya Lancaster, kila moja pointi nne, jumla 16. Ni watu 28 angani kwa beji moja. Baadhi waliruka kwa miavuli wakapona, wengi hawakuwahi.

Na sitaki kumdharau yule mzee wa gulioni, maana nusu ya alichosema ni kweli. Julai 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya Hamburg, na zaidi ya watu 30,000 wakafa katika siku chache, wengi wao raia waliojificha kwenye vyumba vya chini ya nyumba. Kijana aliyesimama kwenye mzinga usiku ule alijua kwamba mama yake yuko kwenye moja ya vyumba hivyo. Simwoni kuwa sawa na mlinzi wa kambi ya mateso. Lakini nusu ya pili mzee hakuisema. Mizinga hiyohiyo ililinda viwanda vilivyoendeshwa kwa kazi ya kulazimishwa, na ilinunulia muda serikali ambayo kila mwezi wa ziada iliyopata ulikuwa mwezi wa mauaji mahali pengine. Kijana alimlinda mama yake na alilinda hayo pia, kwa kombora lilelile.

Nasema kijana kwa makusudi. Kuanzia Februari 1943, wanafunzi wa sekondari waliozaliwa 1926 na 1927 waliitwa kuhudumia mizinga ili askari wazima wapelekwe mbele, na baadaye wakafuata wa 1928. Hukadiriwa walifika 200,000 hivi. Walimu walitakiwa kuwafuata kwenye mizinga kuwafundisha Kilatini na hesabu mchana, baada ya usiku wa kukesha. Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, alikuwa mmoja wao. Niklas Luhmann, ambaye maandishi yake ya sosholojia yalinitesa muhula wa kwanza, alikuwa mwingine. Hawa hawakuomba. Waliitwa, wakaenda, na beji ya mizinga iliweza kubandikwa hata kifuani kwa mtoto wa miaka 16.

Mimi nilipokuwa na miaka 16 hakuna aliyeniita.

Ilikuwa Morogoro, Jumamosi, saa kumi jioni hivi, nikiwa kidato cha tatu. Tulisikia “Mwizi! Mwizi!” kutoka upande wa stendi ya bodaboda. Kijana mmoja alikuwa amekimbia na simu ya mtu, au ndivyo tulivyoambiwa. Nilipofika walishamwangusha kwenye mtaro. Mbele yangu kulikuwa na migongo ya watu, safu mbili au tatu. Niliokota kipande cha tofali. Nilikirusha juu ya vichwa vya waliokuwa mbele, kikapinda angani kikashukia kule ndani. Sikuona kilipoangukia. Nilisikia watu wakishangilia, lakini walikuwa wakishangilia muda wote.

Usiku ule tulikaa kwenye saluni ya kunyolea, vijana kama kumi na wawili, na kila mmoja alikuwa na habari. Huyu alimpata kichwani. Yule alimkanyaga mkono. Mimi nikasema langu lilimpata mgongoni, ingawa sikuwa nimeona chochote. Nilitaka kuhesabiwa. Kama kungekuwa na rangi nyeupe pale, ningejichorea pete.

Jumatatu tulisikia amefariki hospitalini. Jumanne gari la polisi lilipita mtaani, likasimama, askari wawili wakashuka wakauliza waliokuwepo. Hakukuwa na mtu. Mmoja alikuwa kwa shangazi yake, mwingine alikuwa na malaria, mimi nilikuwa najisomea. Jumamosi tulikuwa watu arobaini waliompiga mwizi. Jumanne hatukufika hata mmoja. Na kwa wale wachache tuliobaki tukinong'ona nyuma ya saluni, jibu lilikuwa ni lile la mzee wa gulioni: tulikuwa wengi, huwezi kusema ni jiwe la nani.

Gazeti liliandika aya moja. Sitasahau muundo wake, kwa sababu ni ule unaotumika kila mara: kijana anayekadiriwa kuwa na umri fulani ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Kiswahili kina bahati na balaa yake hapo. Kitenzi chetu kinamtaja mtendaji tangu silabi ya kwanza: nilirusha, ulirusha, tulirusha. Huwezi kurusha bila kusema nani. Njia ya kutoroka ni kumgeuza aliyeuawa awe ndiye anayebeba sentensi, kisha nyuma yake uweke wananchi, watu wasio na jina wala nyumba, ambao hasira imewavaa kama nguo. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Sijawahi kukutana na mtu aliyesema: mimi ni mmoja wa wananchi wenye hasira kali.

Hili ndilo nililoliona kwenye kanuni za beji. Binadamu tuna hesabu mbili za jambo lilelile. Tendo la wengi likiwa la sifa, tunazidisha: kila aliyekuwepo anachukua nzima, na nyingine nzima zinabaki kwa wenzake. Tendo la wengi likiwa la lawama, tunagawanya: arobaini kwa mmoja, sehemu ndogo kiasi kwamba hakuna mahakama itakayoipima, na mwishowe hata mwenye nayo haioni. Wahenga walisema mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Ni kweli. Lakini kila mkono ulioshika kamba unasubiri kugawiwa nyama, na ng'ombe akiwa wa kuibwa, mikono yote inaingia mfukoni.

Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake cha 1984 kiitwacho Reasons and Persons, ana sura inayohusu makosa tunayofanya katika hesabu za maadili. La kwanza kati ya hayo ni hili la kudhani kwamba sehemu yangu katika tendo la pamoja ni jumla ya matokeo igawanywe kwa idadi yetu. Lingine ni kudhani kwamba tendo ambalo matokeo yake ni madogo mno kuonekana haliwezi kuwa baya. Nilipoisoma sura hiyo mara ya kwanza, kwa ajili ya mtihani, niliandika pembeni kwa penseli: “sawa.” Sikuunganisha na chochote. Nilikuwa nimeielewa kama mtu anayeelewa kanuni ya jedwali.

Kuna jibu la haraka ambalo wenzangu kwenye semina walinipa nilipoeleza habari za beji, bila kueleza habari za tofali. Walisema basi tufanye hesabu iwe moja: tuzidishe lawama kama tunavyozidisha sifa, kila mmoja wa arobaini awe muuaji kamili. Silikubali moja kwa moja. Aliyemwagia mtu petroli hayuko mahali pamoja na mtoto aliyepiga kelele barabarani. Kanuni za beji zenyewe zilijua hilo: nne kwa aliyeangusha, mbili kwa aliyesaidia, moja kwa aliyemulika. Kuna kiasi katika kushiriki. Ninachokataa ni kwamba kiasi hicho kinapungua kwa sababu tu watu wameongezeka. Anayemulika anabaki na moja yake hata wakiwa elfu. Mimi nilirusha tofali kwa nia ya kumpata mtu aliyelala mtaroni. Nia hiyo ilikuwa nzima mkononi mwangu. Haikugawanywa na mtu yeyote, na haingepungua kama tungekuwa watu mia nne.

Wala kutojua hakunisaidii kama nilivyodhani. Mtu wa mzinga hakujua kombora lake lilifika wapi, lakini hakukataa beji kwa sababu hiyo. Mimi pia pale saluni sikukataa kuhesabiwa. Kama kutojua hakukunizuia kudai sifa Jumamosi, hakuwezi kunifutia lawama Jumanne.

Karl Jaspers, aliyezuiwa na utawala wa Wanazi kufundisha chuo kikuu kwa kuwa mkewe alikuwa Myahudi, alichapisha mwaka 1946 kitabu kuhusu swali la hatia ya Wajerumani. Alitenganisha hatia ya jinai, ya kisiasa, ya kimaadili na ile aliyoiita ya kimetafizikia. Ya jinai inahukumiwa na mahakama. Ya kimaadili, kwake, mahakama yake ni dhamiri ya mtu mwenyewe, na mazungumzo na watu wanaomtakia mema. Nilipenda kwamba aliongeza mazungumzo. Dhamiri ikiachwa peke yake chumbani inajipunguzia bei.

Nchi nayo inaweza kujipunguzia. Julai 1957 Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria iliyoruhusu nishani na beji za vita ile zivaliwe tena, kwa sharti kwamba swastika iondolewe. Zikatengenezwa upya: mzinga upo, majani yapo, alama imetoka. Sisemi ilikuwa sheria ya watu wabaya. Kulikuwa na mamilioni ya wanaume waliotaka kuruhusiwa kusema kwamba ujana wao haukuwa uchafu mtupu. Lakini angalia kilichobaki na kilichotolewa. Sifa ya kila mmoja ilibaki kifuani kwake. Kile ambacho sifa hiyo ilitumikia ndicho kilichokwanguliwa. Stika nyekundu ya gulioni inafanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe angalau inaonyesha kwamba kuna kitu kimefunikwa.

Kwa hiyo nilimpigia simu rafiki yangu wa utotoni, ambaye siku hizi ni fundi pikipiki palepale mtaani. Tulisalimiana, tukaulizana habari za baridi na za mama. Kisha nikamwambia nataka tuongee kuhusu yule kijana wa mtaroni.

Alinyamaza kidogo. “Kaka, achana na hayo. Tulikuwa wengi.”

“Najua. Nataka kujua mimi nilifanya nini. Nakumbuka nilirusha tofali. Wewe uliona lilipoangukia?”

“Sikuona. Watu walikuwa wamejaa.” Nikasikia mtu akimwita huko gereji, akajibu subiri. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesahihisha tarehe: “Ila hukurusha moja, mwanangu. Uliokota mara mbili. Ya pili uliichukua karibu na miguu yangu, nikakupisha.”

Sikumbuki ya pili. Nimekaa na hilo siku tisa sasa. Miaka kumi nimekuwa nikijihesabia moja, na nilidhani kwa kuikubali ile moja nimekuwa mkweli.

Kabla hatujakata simu aliniambia kwamba mama wa yule kijana bado anauza dagaa sokoni, upande uleule wa zamani. Nilikuwa sijui kwamba ana mama anayejulikana. Au niliwahi kujua. Siwezi tena kuamini ninachokumbuka.

Narudi nyumbani Agosti. Sijui kama nina haki ya kumwendea mama yule nikamtonesha kidonda ili mimi nilale vizuri, na hilo nitalitafakari na watu wenye busara kuniliko kabla sijafanya lolote. Lakini kama nitafika mbele ya meza yake, sentensi yangu haiwezi kuanza na tuli-. Itabidi ianze na nili-, na iseme mara mbili.